Mtoto hasomi? Pima kwanza amekwama wapi ndo utafute dawa

Mi nafundisha darasa la kwanza na la pili hapa Dodoma, na kila mwaka ikishafika mwezi wa tisa hivi naanza kupata wageni, mzazi anasimama mlangoni, "madam, huyu wangu hasomi", maana upimaji wa darasa la pili unakaribia na nyumbani ndo wameshtuka. Nikiuliza hasomi kivipi, jibu ni hasomi tu. Na dawa anazokuja nazo ni zilezile tatu, tuisheni, fimbo, au arudie darasa.

Sasa "hasomi tu" hainisaidii mimi wala haimsaidii mtoto. Fundi bodaboda ukimpelekea pikipiki haiwaki haanzi kushusha injini, anacheki mafuta yamo, plagi inatoa cheche, swichi iko oni. Kusoma nako kuna hatua zake, mtoto asikie sauti zilizomo kwenye neno, ajue herufi gani inabeba sauti gani, aunge herufi apate silabi, aunge silabi apate neno, alafu asome kwa kasi ya kutosha mpaka maana ishike. Aliyekwama hatua ya pili ukimkazania hatua ya tano mtachoka wote wawili, na ye ataondoka anaamini ni mjinga.

Kwa hiyo tunapima kwanza.

Kipimo, dakika kumi tu, hata mkekani

Chukua karatasi na peni. Kaa naye pembeni asiwepo kaka wala dada wa kucheka. Andika kwa herufi kubwa kiasi, zisizobanana, mistari hii:

Wa kwanza, herufi zilizochanganywa: m, a, s, i, k, o, t, u, e, b, l, d. Usiziandike kwa mpangilio wa a, b, ch, d, maana huo anao kichwani kama wimbo.

Wa pili, silabi: ki, ma, so, tu, le, be.

Wa tatu, maneno: meza, kuku, samaki, kitabu.

Wa nne, maneno ya uongo ambayo hayapo duniani: lemu, tobaki, simeku. Mwambie kabisa haya hayana maana, ni mchezo tu. Huu mstari ndo muhimu kuliko yote na watu wengi hawaufanyi. Neno la uongo hawezi kulikariri popote, akilisoma basi anasoma kweli.

Wa tano: mbuzi, nyanya, ng'ombe, mwalimu, chakula, shamba.

Mwisho kistori: "Asha ana mbuzi wawili. Leo asubuhi mbuzi mmoja amekula mahindi ya jirani. Jirani amekasirika sana. Asha amemfunga mbuzi chini ya mbuyu." Akimaliza muulize jirani kakasirika kwa nini, na mbuzi sa hivi yuko wapi.

Usimsahihishe wakati wa kupima, andika tu alichosema. Mstari ule atakaoanza kushindwa ndo sehemu ya kuanzia kazi. Sasa tuje kwenye dalili zenyewe.

"Anasoma ukurasa mzima bila kukosea, lakini neno moja moja hajui"

Hii ndo kesi namba moja. Mzazi anajisifu mtoto anamaliza kitabu cha darasa la kwanza chote, ukiziba picha kwa kiganja mtoto ananyamaza. Au ukimwonyesha neno la katikati inabidi aanze juu ya ukurasa aimbe mpaka alifikie.

Huyo hajasoma, amekariri, na kukariri sio kosa lake. Darasani tunasoma kwa pamoja, mwalimu anapitisha fimbo ubaoni, watoto wanaitikia, wa mbele wanasoma na wa nyuma wanafuata midomo ya wa mbele. Mtoto mwenye akili nzuri ya kushika ndo anadanganya watu muda mrefu zaidi, wengine wanafika mpaka darasa la tatu hawajashtukiwa. Ndo maana sishangai nikiambiwa mtoto "alikuwa wa kumi" alafu ghafla hasomi, hakuna ghafla hapo, ni vitabu tu vimekuwa virefu kuliko kumbukumbu yake.

Hakikisha hivi: chukua sentensi anayoijua, kata maneno kwa mkasi, changanya, mpe moja moja. Aliyekariri utamjua hapohapo.

Dawa ni kutoka kwenye kile kitabu kwa muda, kiweke juu ya kabati kabisa. Tengeneza vikadi vya silabi kutoka kwenye maboksi ya sabuni au ya maji, silabi kama ishirini tu za kuanzia, acheze kuunga. Ma na ta inakuwa mata, geuza inakuwa tama, weka ki inakuwa kitama, mnacheka, haina maana lakini kaisoma. Kila siku vikadi vilevile, maneno mapya. Usiogope maneno ya kipuuzi, kwanza watoto ndo wanayapenda. Akianza kusoma maneno ya uongo bila kukutazama usoni kutafuta jibu, rudisha kitabu, ila kiwe kitabu kingine ambacho hajawahi kukisikia.

"Herufi zote anazijua, kuunga ndo hawezi"

Muulize m, anasema "me" au "em". Muulize k, anasema "ke" au "kei". Alafu unamwandikia "ma" unamwambia aunge, ye anasikia kichwani "me-a", sasa hiyo inatokaje ma? Kwa akili yake ye yuko sahihi kabisa.

Hapa kuna mgongano wa nyumbani na shule. Sisi wazazi tumelelewa na a, be, che, de. Shuleni tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipogeuzwa mwaka 2015 ukawekwa nguvu kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, herufi tunazifundisha kwa sauti, yaani m ni "mmm", s ni "sss". Mtoto anatoka shule na "mmm", anafika nyumbani baba anamwambia hiyo ni "em", kesho yake akirudi darasani hajui amfuate nani.

Na kwa hapa mjini kuna nyongeza. Tangu serikali ihamie, mtaa wowote ukipita, Area C, Nzuguni, Ilazo, kuna nasari ya Kiingereza. Sina ugomvi nazo, ila mtoto aliyeanza na ei, bii, sii alafu akahamia shule ya Kiswahili anakuja na irabu zimegeuka. Kwake e inaitwa "ii", kwa hiyo meza anaisoma "miza". A inaitwa "ei", baba anakuwa "bebe". I inaitwa "ai", na hapo sasa ni vurugu tupu. Mwalimu asiyejua alikotoka anaandika tu kwamba mtoto ni mzito.

Kiswahili kina bahati moja kubwa, irabu tano tu, na kila moja ina sauti moja tu popote ilipo. Kwa hiyo anza na a, e, i, o, u mpaka zikae sawasawa, hata kama mtoto ana miaka tisa na anaona unamrudisha utotoni. Alafu chukua konsonanti zinazovutika, m, s, n, l, f. Hizi unaweza kuzivuta zikaingia kwenye irabu bila kukata pumzi: mmmmmaaa, sssssiii. B, k, t, d hazivutiki, ziache zije baadaye. Vuta taratibu, fupisha, fupisha tena, mpaka inakuwa ma. Mzazi epuka kusema "mu" ukidhani unasema sauti ya m, mdomo ufunge tu, mmm basi.

Majina ya herufi atayajua tu, hayana haraka.

"Hata sauti yenyewe haisikii"

Hii ni fupi. Kuna watoto tatizo liko kabla ya herufi. Muulize neno "meza" linaanza na sauti gani, anakwambia "sahani". Kwake neno ni kitu kizima, hajawahi kulipasua. Hapa weka karatasi pembeni, hii kazi ni ya mdomo na masikio, mnaweza kufanya mkiwa mnachambua mlenda au mnatembea kwenda dukani. Mpigie makofi jina lake, Ne-e-ma, makofi matatu. "Nimeona kitu kinaanza na sss", anatafuta, sahani, sufuria, sabuni. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuifanya hii vizuri kuliko mwalimu, na vitendawili vya jioni vinasaidia sana hapa. Baada ya kuzoea mwanzo wa neno, nenda mwisho wa neno, alafu katikati.

"Maneno mepesi sawa, magumu anagoma"

Baba, kuku, meza anateleza vizuri, anakutana na "ng'ombe" au "nywele" anasimama kama ukuta, au anaruka herufi, mbuzi inakuwa "buzi", mwalimu inakuwa "malimu".

Sababu kubwa ni kwamba alifundishwa herufi moja sauti moja, ikaishia hapo. Herufi mwambatano zinakuja mwishoni mwa vipindi, na kama darasa limechelewa zinapitishwa mbiombio. Zigawe, usimwage zote. Kwanza ch, sh, ny, th, dh, ambazo herufi mbili zimekuwa sauti moja. Alafu mb, nd, nj, ng. Alafu zenye w, kama mwa, kwa, bwa, pwa. Mwisho kabisa ndo zile za kukaba koo, ndwa, ngwa, nywa, mbwe. Ng na ng' ziweke pamoja macho yaone tofauti, ngoma na ng'ombe, na mwambie kale kakidole juu sio uchafu wa peni, ni sehemu ya herufi.

Kingine, m ya "mtoto" inasimama yenyewe, m-to-to, wakati m ya "mbuzi" imeshikana na b, mbu-zi. Watoto wengi wanaokwama hapa hawajawahi kuambiwa kwamba m inaweza kutembea bila irabu.

Na kwa huku kwetu material yapo bure kabisa, majina ya sehemu. Mpwapwa. Kongwa. Ihumwa. Nkuhungu. Chang'ombe. Mkipanda daladala mwachie asome kibao cha mbele kabla konda hajapiga kelele. Ng'hong'onha iacheni kwanza, hiyo hata mtu mzima anapumua ndo anaianza.

"Anachanganya b na d"

Mpaka miaka saba, hata nane hivi, hii ni kawaida tu, msipelekane hospitali. Ubongo wa mtoto umezoea kwamba kikombe kikigeuzwa mkono huu au ule ni kikombe kilekile, sasa ghafla herufi ikigeuzwa inakuwa nyingine. Usimfundishe zote mbili siku moja. Shika b peke yake wiki nzima, iandike kubwa mchangani kwa kidole, kijiti kwanza alafu tumbo, ukimwambia kila akiandika aseme "kijiti, tumbo". D asubiri.

Ila kabla ya kusema mtoto ana shida ya kichwa, angalia anakaaje darasani. Kitabu kimoja watoto watatu wanne, mmoja kakaa upande wa pili wa dawati au wa benchi, huyo anasoma kitabu kikiwa miguu juu kila siku. N kwake ni u, m ni w, b ni q, d ni p. Kwa huyo dawa ni kuhama upande tu. Walimu wenzangu, hili tulicheki kabla ya kuandika ripoti.

"Anasema chitabu, anasema lafiki"

Hapa watu wanachanganya matamshi na kusoma. Mtoto aliyelelewa na bibi Mvumi au Bahi anaongea Kigogo nyumbani, na wenyewe wanakiita Chigogo, kwa hiyo "kitabu" kutoka "chitabu" sio kwamba haoni k. Kapitia herufi vizuri, mdomo wake ndo umetoa kwa namna ya nyumbani. Vivyo hivyo l na r zinavyobadilishana kwa watoto wengi tu, Wabantu tuko wengi tunaopiga lafiki hadi ukubwani.

Kipimo chake ni kuandika na kuelewa. Mwambie akuonyeshe kitabu, akionyesha kitabu basi kasoma. Usimkatishe katikati ya sentensi kila r ikipotea, maana ukimkatisha mara nne kwenye mstari mmoja maana ya sentensi imeshamtoka, na wenzake wanacheka, kesho hanyooshi mkono tena. Matamshi yafanyie muda wake, kwa nyimbo, kwa michezo, sio wakati wa kusoma.

"Anasoma vizuri, ila ukimuuliza kasoma nini hajui"

Hii inataka akili kidogo maana sababu ziko mbili na dawa zake hazifanani.

Fanya hivi. Kistori cha Asha na mbuzi, safari hii usimpe asome, msomee wewe, alafu muulize maswali yaleyale. Akijibu vizuri, basi kuelewa anaelewa, tatizo ni kasi. Anasoma "a-me-m-fu-nga" kwa shida mpaka akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshafutika. Vipimo vya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa darasa la pili vimekuwa vikilenga maneno kama 50 kwa dakika, kwa hiyo weka saa ya simu umpe dakika moja uone, sio umkimbize kama mbio za mwenge, upate picha tu. Dawa ya kasi ni kurudia kusoma kifungu kifupi kilekile, anasoma leo, kesho, keshokutwa, mpaka kinateleza, alafu kingine. Mrekodi kwa simu siku ya kwanza na siku ya mwisho umsikilizishe, hapo utaona sura inavyobadilika. Najua nimetoka kulaani kukariri, ila huyu tayari anaweza kusoma maneno ya uongo, kurudia kwake kunazoesha macho tu.

Akishindwa kujibu hata wewe ukimsomea, tatizo ni lugha. Kuna watoto wanakuja darasa la kwanza Kiswahili ni kigeni kwao kabisa, wa Kondoa anaongea Kirangi, wa kule Kwa Mtoro anaongea Kisandawe ambacho hata hakifanani na lugha zetu za Kibantu, Kiswahili anakisikia kwa mwalimu na redioni. Anaweza kuunga silabi zote akasoma "amekasirika" safi kabisa kama unavyoweza wewe kusoma Kihispania kwa sauti. Huyu hahitaji herufi zaidi, anahitaji maneno. Aongeleshwe. Hadithi, paukwa pakawa, picha za gazeti mnaulizana huyu anafanya nini, kwa nini. Na mzazi asiache kumsimulia kwa Kigogo au Kirangi eti atachanganyikiwa. Mtoto anayejua kufuatilia hadithi kwa lugha ya bibi yake, anajua nani kafanya nini na kwa nini, uwezo huo anakuja nao kwenye Kiswahili.

"Alikuwa anaweza, sasa hivi amerudi nyuma"

Anza na mahudhurio kabla ya kitu kingine chochote. Shule zinafungua Januari, na Januari kwa huku ndo mvua zimeshika, watu wako shambani. Baadaye uwele na mtama ukianza kukomaa kuna kuwinga ndege, na hiyo kazi wanapewa watoto. Miezi hiyohiyo ndo tunafundisha sauti za mwanzo. Mtoto aliyekosa siku kumi hapa na pale hajakosa "siku kumi", amekosa labda herufi nne nzima, na kila neno lenye herufi hizo ni giza kwake. Chukua daftari la mwenzake mwenye mahudhurio mazuri, linganisha, utaona mashimo yako wapi. Yazibe hayo tu.

Alafu tumbo. Mtoto anayetembea mbali bila uji, saa nne herufi zinacheza. Shule ambazo wazazi wamekubaliana kuchanga mahindi uji ukapikwa, mwalimu yeyote atakwambia tofauti anaiona. Kikao cha wazazi kikiitwa kuhusu uji naomba muende.

Macho: anasogeza kitabu mpaka puani, anakunja uso akiangalia ubao, ananakili vibaya kutoka ubaoni lakini kitabuni anasoma sawa, au kinyume chake. Macho kuwasha, mekundu, yenye matongo kila asubuhi, hiyo inaweza kuwa vikope, kanda hii ya kati tunavijua miaka mingi, Kongwa hadi watafiti wa nje wamekaa sana kwa ajili yake. Muoshe uso kwa maji safi kila siku, kila mtu na taulo lake, na umpeleke kituo cha afya, dawa zipo. Miwani ya kuchagua barabarani kwa machinga hapana jamani, mtoto apimwe.

Masikio: usaha unaotoka na kukauka na kurudi, hiyo watu wanaizoea kama mafua na inaua usikivu. Simama nyuma yake hatua tatu, sema kwa sauti ya chini "bata", kisha "pata", kisha "mata", arudie. Akikosa mara kwa mara mpeleke. Huyu mtoto darasani anaonekana mtukutu au mzito kumbe nusu ya ninachosema hakimfikii. Wakati mnasubiri matibabu mwambie mwalimu amkalishe mbele.

"Ukitoa kitabu tu, anaomba kwenda chooni"

Au analia, au tumbo linamuuma, au anakumbuka ghafla kuku hawajafungiwa. Huyu anakimbia aibu. Kuna mahali kusoma kumeunganishwa na kipigo au kicheko, nyumbani au darasani, na mwili wake umekumbuka. Mtoto anayeogopa anakisia neno haraka ili mambo yaishe, na kukisia ndo adui mkubwa wa kusoma. Kwa hiyo fimbo hapa inazalisha tatizo lilelile unalolipiga.

Punguza. Dakika kumi basi, hata kama anataka kuendelea mwachie hamu. Anza na vitu ambavyo hajui kama ni kusoma: pakiti ya chumvi, maandishi ya nyuma ya bajaji, jina la duka la Mangi, meseji ya shangazi kwenye simu. Msomeane kwa zamu, wewe sentensi, ye neno. Akikwama hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kumsaidia, na ukimsaidia mpe sauti ya kwanza tu, sio neno zima. Mdogo wake anayesoma vizuri kuliko ye asiwe ndo mwalimu wake, tafadhali.

Kama kuna mtoto mdogo zaidi ndani, yule wa miaka mitatu, mwambie amsomee huyo. Hamna anayemcheka pale.

Upande wa darasani, kwa walimu wenzangu

Kiwango kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa darasa. Najua, najua. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wengine hiyo 45 ni mistari ya mbele tu. Kwa hiyo sisemi umpime kila mtoto kila siku, lakini watoto watano kwa siku, dakika moja moja wakati wengine wanaandika, ndani ya mwezi umewazungukia hata wakiwa mia. Andika alama tu, herufi, silabi, neno, kistori. Alafu mara mbili kwa wiki wavunje kwa kiwango walichopo, sio kwa dawati. Wa herufi nje chini ya mti wanaandika mchangani, wa silabi na vifuniko vya soda vilivyoandikwa kwa maka peni, wa kistori wanasomeana wawili wawili. Wewe kaa na wa herufi. Tabia yetu ni kukaa na wanaojua kwa sababu wanatufurahisha.

Na kusoma kwa pamoja ubaoni sio dhambi, ila fimbo iruke, usiende kushoto kulia kila siku. Ruka katikati, rudi nyuma, onyesha silabi ya tatu. Kwaya itavunjika na utasikia nani anajua.

Vitabu hamna?

Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, unavisoma kwa simu janja, bando lako tu. Pale mjini kuna maktaba ya mkoa, watoto wanaingia. Na kitabu kizuri kuliko vyote kwa anayeanza ni kile mlichotengeneza wenyewe, mtoto anasimulia jana alifanya nini, wewe unaandika maneno yake vilevile, karatasi nne umeshona na uzi, ye anachora. Atakisoma maana maneno ni yake, na baadaye ukikata yale maneno ukayachanganya una kipimo kipya.

Kama umefanya yote na bado

Macho na masikio yamepimwa, mahudhurio mazuri, hamna fimbo, mmefanya sauti kidogo kidogo kila siku muhula mzima, na bado kila asubuhi herufi ya jana ni mgeni, anaongea vizuri, ana akili ya kutosha kwenye mambo mengine, hesabu za pesa dukani hakosei. Hapo inawezekana ni disleksia. Sio uvivu na haihusiani na kurogwa, ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti na herufi, mara nyingi iko kwenye ukoo, muulize baba yake shule ilimwendaje. Mtoto wa hivyo anajifunza kusoma, ila kwa hatua ndogo zaidi, marudio mengi zaidi, na kwa kutumia mikono, kufinyanga herufi kwa udongo, kuigusa, kuitembea chini.

Nenda kwa mwalimu mkuu uulize kama kuna mwalimu aliyesomea elimu maalumu shuleni au shule jirani, wengi wamepitia chuo cha Patandi kule Arusha, na kama hayupo ombeni shule iwasiliane na ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri. Ukienda beba daftari la mtoto, karatasi ya kile kipimo ulichokifanya ukiwa umeandika tarehe juu, na majibu ya macho na masikio kutoka kituo cha afya. Ukienda mikono mitupu ukasema "hasomi tu" watakurudisha uanze upya.